Madoa ya Chui Hekaluni

Balaa lote lilianzia kwenye dole gumba la mguu wa Rampai, yule muuza keki za mayai na tui. Asubuhi ile alikuja kwa Malai mbio mbio, sketi yake nzuri ya hariri ameikunja mapajani, anataka kucha zake zote kumi za miguu ziwake dhahabu kabla hajaenda hekaluni.

"Nifanyie ile ya chui," alisema akijitupa kitini. "Ile uliyonionyesha kwenye simu. Dhahabu na madoa ya waridi. Leo mji mzima uko pale, nikipita wanijue."

"Dada Rampai, wewe wanakujua hata usipopita," Malai akamjibu, wakacheka wote wawili.

Malai alikuwa akitengeneza kucha pale pale nyumbani, chumba cha mbele, kwenye mji wetu huu wa Phetchaburi. Kiti cha plastiki, beseni la maji ya ndimu, taa ndogo ya kukaushia rangi na sanduku la vikorokoro, basi. Kazi halali. Tatizo ni kwamba chumba hicho hicho ndicho chenye rafu ya Buddha ukutani, na nyumba si yake, ni ya mama mkwe wake, Bi Samli. Bi Samli hakuweza kabisa kuvumilia wake za watu waje kunyoosha nyayo mbele ya rafu. Malai akageuza kiti kikatazama barabarani. Wapi! Mteja akijisahau tu akakaa upande, utamsikia bibi huko jikoni anakohoa, na kikohozi chenyewe si cha mafua. Akimtaja mkwewe kwa majirani humwita "yule wa miguu". Yule wa miguu ameamka, yule wa miguu hajui kupika kamba.

Malai aliyameza yote hayo. Hakuwa mjinga, wala hakukosa pa kwenda, dada zake walimwita kila siku arudi kwao. Alibaki kwa sababu alijua kinachomla yule mama.

Mume wake, Thawin, alikuwa mgema wa mivumo, ile miti mirefu jamii ya mnazi ambayo utomvu wake hupikwa sukari. Huku kwetu mvumo ndio sukari, na sukari ndiyo Phetchaburi. Mwaka juzi ngazi ya mianzi ilimkatikia huko juu, akaanguka na vibuyu vyake, akafa kabla hajafikishwa popote. Kufa kwenyewe kulimuumiza Bi Samli kama kunavyomuumiza mzazi yeyote. Lakini kulikuwa na la zaidi. Thawin alikufa hajavaa joho la utawa hata siku moja. Kijana wetu huvaa joho japo kwa miezi mitatu, anyolewe kichwa, akae na watawa, na thawabu yake anampa mama yake. Mama hushika upindo wa joho la mwanawe, ndio unaompandisha mbinguni. Thawin kila mwaka alisema, "Mwakani, mama." Mwakani mgema mwenzake anaumwa, mwakani mivumo imezaa sana, mwakani ameoa. Mpaka hizo mwakani zikaisha.

Ndipo hekalu la mtaani likajenga ukumbi mpya wa utawa. Ukumbi kama huo hauwi ukumbi mpaka matufe makubwa ya mawe yazikwe chini yake, na kabla hayajazikwa watu wote huyabandika dhahabu, vile vijikaratasi vyembamba vya dhahabu tupu, kila mtu kwa nia yake na kwa jina analolitaka. Hekalu moja hufanya hivyo mara moja tu. Bi Samli alipolisikia tangazo akasema, "Kama hakuingia ukumbini kwa miguu yake, basi dhahabu yake italala chini ya ukumbi. Kila kijana atakayevaa joho mle atasimama juu yake." Akanunua bunda lake la dhahabu, akalifunga kwa mpira, akaliweka juu kabisa ya kabati la vyombo. Dhahabu ya hekalu haiwekwi chini.

Na macho yake, masikini, yalikuwa yamefungwa na mtoto wa jicho. Alikuwa anangoja zamu yake hospitali. Mtu alimwona kivuli, wali aliutambua kwa harufu. Ukitaka kumshika mkono anakupiga kofi la vidole. "Mimi siyo mtungi, sitamwagika." Asubuhi ile alipapasa juu ya kabati mwenyewe, akachukua bunda, akapanda gari la jirani, akaenda zake hekaluni akiwa amevaa nguo nyeupe.

Haya. Turudi kwenye dole gumba.

Malai alilipaka dole la Rampai rangi, akalikausha, akapaka gundi ya foili, ule utando mwembamba wenye madoa ya chui. Gundi hiyo hutoka nyeupe kama maziwa, unaingoja mpaka iwe kama maji, hapo ndipo inashika. Akainuka kuchukua foili juu ya kabati la vyombo, alikokuwa ameiweka isitafunwe na mijusi. Foili yake ya kucha huja ikiwa msokoto mrefu. Wenzake huikata vipande wakavimwaga kwenye kopo, lakini Malai alikuwa msafi wa kazi. Yeye aliikata miraba midogo, kila mraba akaulaza katikati ya vijikaratasi, bunda akalifunga kwa mpira, kama wanavyofunga dhahabu ya hekalu. Hakuwahi kuwaza kwamba kuna ubaya. Mtu aliyekulia Phetchaburi hajui namna nyingine ya kutunza kitu chembamba kinachong'aa.

Akafungua karatasi, akaubana mraba kwa kibanio, akaulaza kwenye kucha ya Rampai, akausugua kwa pamba. Foili ukishaisugua unabandua plastiki yake juu, madoa yanabaki. Malai akatafuta plastiki abandue. Hakuna plastiki. Mraba ulikuwa umejikunyata kwenye kucha ukajipinda mpaka kwenye nyama ya dole. Akapuliza kidogo auweke sawa, kipande kikaruka na pumzi yake kikatua kwenye shavu la Rampai.

Foili hairuki kwa pumzi. Malai alitazama shavu, akatazama kucha, akatazama ile karatasi mkononi, ya manjano, yenye muhuri mwekundu wa duka la vifaa vya hekalu.

"Mama yangu," alisema.

"Nini? Imekosea? Mbona haina madoa?"

"Dada Rampai, usiteremshe mguu."

"Kwa nini nisiteremshe mguu?"

"Hiyo ni dhahabu. Dhahabu ya hekalu. Ya mama."

Jamani, mnajua mguu ni nini kwetu? Mguu ni kitu cha chini kuliko vyote mwilini, mtoto huzabwa kofi akimnyooshea mtu mzima. Na dhahabu ile ni ya kichwa cha Buddha, kifua cha Buddha. Rampai alipiga ukelele ambao majirani walidhani ni nyoka. Akaurusha mguu juu usiguse sakafu, kiti cha plastiki kikapinduka naye, na alipotulia chali pale chini, dole lake la dhahabu lilikuwa limeelekea moja kwa moja kwenye rafu ya Buddha.

"Nigeuze!" akalia. "Malai, nigeuze, nitazaliwa mjusi!"

Malai akamgeuza, akaifuta ile kucha kwa pamba na asetoni. Pamba yenyewe ikamshinda pa kuitupa. Pipani haiendi. Mwishowe akaikunja kwenye jani la mgomba akaiweka juu ya paa la banda la maji. Na alikuwa bado ameshika lile jani, mikono juu, ndipo wazo la pili lilipompiga. Kama dhahabu ya mama iko hapa, mama amekwenda na nini hekaluni?

Alikaa kwenye ngazi.

"Rampai," alisema, hata udada akausahau. "Mama amechukua chui."

Rampai tayari alikuwa anaelekea kwenye pikipiki.

Walipanda pikipiki ya Malai, Rampai nyuma, kucha moja imefutwa, zingine tisa hazijapakwa kitu, viatu amevisahau. Bunda la dhahabu halisi Malai alilitia kifuani ndani ya blauzi. Njia nzima aliomba jambo moja tu. Aombe nini kingine? Aliomba foleni iwe ndefu, mama awe bado hajafika kwenye tufe. Kwa sababu akishabandika, ni nani atakayemwambia? Utamwambiaje mama kipofu kwamba alichompa mwanawe, kitu pekee alichobaki nacho cha kumpa, ni plastiki ya kucha yenye madoa ya waridi?

Hekaluni watu walijaa mpaka kwenye makaburi ya Wachina huko nyuma. Matufe yalikuwa yananing'inia kwenye viunzi vya miti, kila moja juu ya shimo lake, na kamati ilikuwa imeyapaka lakiri upya alfajiri, inanata ajabu. Malai hakuhitaji kuuliza. Alisikia kipaza sauti kabla hajazima pikipiki.

"Aliyefanya mchezo huu ajitokeze!" Ni mzee Sanguan, mkuu wa kamati, mtu mpole siku zote, leo sauti inapasuka. "Hapa ni mahali patakatifu, siyo danguro! Nani amebandika chui kwenye tufe?"

Watu walikuwa wamezunguka tufe la katikati, mikono midomoni. Malai akajipenyeza. Akaona. Katikati ya dhahabu yote ile ya watu, tulivu, iliyokunjamana, palikuwa na kiraka kipana kama kiganja, kinametameta kama taa za disko, madoa ya waridi yamepangika sawasawa, hakuna hata mraba mmoja uliopotoka. Foili ilishika pale kuliko ilivyowahi kushika kwenye kucha yoyote. Lakiri ile ni gundi kuliko gundi.

Na aliyesimama karibu kabisa na kiraka hicho, vidole bado vinang'aa, ni Bi Samli. Alikuwa analaani kuliko wote.

"Watu hawana haya!" alikuwa anamwambia kila kivuli kilichopita. "Chui! Kwenye tufe! Mimi nimekuja na dhahabu ya marehemu mwanangu, wao wanaleta chui! Mtafuteni, mzee Sanguan, msimwachie!"

Mama mwenyewe hajui. Anaomba atafutwe yeye mwenyewe.

Mwanamke mmoja wa pembeni alikuwa ameanza kuvitazama vile vidole vya Bi Samli. Akamgusa mwenzake. Mwenzake akatazama. Na hapo Malai hakufikiri tena. Kama angefikiri, angekimbia.

"Ni mimi," alisema.

"Nani?" Bi Samli akageuka.

"Ni mimi, mzee Sanguan. Nimebandika mimi. Ni foili yangu ya kucha."

Uwanja ukavuma. Kila mtu pale alimjua. Mzee Sanguan aliteremsha kipaza sauti, akasahau kukizima, kikawa kinapiga mluzi. "Malai? Binti yangu, una wazimu?"

Bi Samli alikuja juu. Loo! Maneno aliyomtolea pale mbele ya watawa na mji mzima siwezi kuyarudia yote. Kwamba alijua. Kwamba siku zote alijua. Kwamba mwanamke anayeshinda ameshika nyayo za watu hatimaye atakanyaga kila kitu. "Umekosa hata siku ya mume wako uiheshimu? Siku hii moja?" Alikuwa analia kwa hasira, kamasi zinamtoka, na Malai alisimama mbele yake mikono imeunganishwa kifuani, anapokea. Machozi yalimshuka, wala hakuyafuta.

Nyuma yake Rampai alikuwa anachemka. Rampai anajua kila kitu, na Rampai ndiye gazeti la mji huu, siri kwake haikai hata muda wa keki kuiva. Malai alimsikia akivuta pumzi. Akageuka akamtazama tu. Rampai akaitoa ile pumzi bila neno, akauma midomo mpaka ikawa myeupe.

"Basi kaibandue," mzee Sanguan akasema kwa uchovu. "Ibandue yote, sasa hivi."

Malai akatoa kijiti cha kucha mfukoni, akakisogelea kiraka. Kabla hajakigusa, kiganja kimetua. Bi Samli alikuwa amekifunika kile kiraka chote kwa mkono wake.

"Hapa usiguse," alisema. "Hapa ndipo alipo mwanangu."

Malai akarudisha kijiti nyuma.

"Mama..."

"Kabandue takataka zako huko ulikoziweka. Hii ni yangu. Nimeibandika mimi mwenyewe, kipande kwa kipande, na nimeiona!" Sauti ilibadilika, ikalainika. "Mzee Sanguan, miaka hii yote sioni kitu, kila kitu ukungu. Lakini hii nimeiona inang'aa. Nikataja jina lake, ikang'aa. Amepokea. Macho yangu yamemwona akipokea."

Mzee Sanguan alikitazama kile kiganja, na madoa ya waridi yaliyochungulia katikati ya vidole. Akamtazama Malai. Nilisema ni mtu mpole, lakini pia ni mtu wa sheria, aliyewahi kumrudisha getini mkuu wa wilaya kwa kuvaa kaptura. Watu wote waliokuwa wanajua, na sasa walikuwa wanajua wote, walimkodolea macho yeye.

"Ndiyo, Bi Samli," alisema. "Hiyo ni yako. Uchafu wa Malai uko upande wa nyuma. Malai, zunguka, kaubandue."

Malai akazunguka. Upande wa nyuma wa tufe palikuwa hapana kitu, dhahabu za watu tu na lakiri tupu kwa chini. Akapiga magoti kwenye udongo akaanza kukwangua kando kando kwa kijiti, krr, krr, anakwangua pasipo na kitu, kwa nguvu, mama asikie. Watu walimtazama anakwangua. Hakuna aliyecheka. Yule mwanamke aliyegusa mwenzake alikuwa ameinama anajifuta macho kwa upindo wa blauzi.

Alipokwangua vya kutosha akaingiza mkono kifuani, akatoa bunda.

"Mama," akaita. "Nina dhahabu ya kweli kidogo. Naomba ruhusa nibandike."

Bi Samli akauliza kutoka upande wa pili: "Ni dhahabu kweli?"

"Ni dhahabu kweli. Nimeiona mimi," Rampai akadakia.

"Haya, bandika huko huko chini. Usiisogelee ya Thawin."

Malai akabandika huko huko chini. Karatasi moja moja, akipuliza kwa mbali, akisindikiza kwa kidole, na kila moja akitamka jina la mume wake bila sauti. Hakujua kama thawabu inafika ikipitia mkono wa mtu mwingine, mkono wa miguu, tena mkono uliotoka kusema uongo mbele ya watawa siku kama hii. Hakuna wa kumuuliza. Alitamka tu. Bunda likapungua, likabaki na karatasi moja.

"Unamtaja nani huko?" Bi Samli aliuliza. Alikuwa amezunguka taratibu, mkono mmoja unapapasa kiunzi, amesimama juu yake. Masikio yake hayakuwa na mtoto wa jicho. "Nasikia midomo."

"Namtaja Thawin, mama."

Hasira ilikuwa imemwishia bibi, amechoka, na usoni alikuwa na utulivu ambao Malai hakuwahi kuuona tangu siku ya mazishi.

"Thawin ameshapata," alisema. "Ameshapata ya kumtosha, mpaka mimi nisiyeona nimeiona. Hiyo jitaje mwenyewe."

Malai alifungua karatasi ya mwisho. Dhahabu ikataka kuruka, akaiwahi, akailaza kwenye lakiri.

"Malai," alisema kwa sauti, ili mama mkwe wake asikie. Moyoni akasema Thawin, akaisugua kwa kidole mpaka ikashika.